KUONGEZA WANAJESHI IRAQ: SWALI LA IDADI NA SWALI LA SABABU



 Makala haya yamezaliwa na ubishi wa vijana wangu wa darasa la jioni. Mmoja alisema Wamarekani wote walivitaka vita vya Iraq, wala hakuna hata mmoja aliyekuwa na huruma. Mwenzake akamrukia: amesoma kwamba mwaka 2007 Marekani iliongeza wanajeshi, mauaji yakapungua, kwa hiyo waliotaka nyongeza ile walikuwa sahihi na waliopinga walikuwa waoga. Vijana hawa walizaliwa baada ya mambo yenyewe kupita, siwalaumu. Lakini nimeona kwamba hata sisi wazazi, tuliokuwa tukisikiliza habari zile redioni kila jioni, tumebaki na hukumu nyepesi kama hizo na tunawarithisha watoto. Kauli zote mbili zina kasoro, na kwa maoni yangu kasoro ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Tuanze na kumbukumbu. Iraq ilivamiwa tarehe 20 Machi 2003, na sababu iliyotangazwa ilikuwa silaha za maangamizi, ambazo zilitafutwa kila pembe na hazikupatikana. Ikulu ya Marekani ilitoa orodha ya nchi zilizounga mkono uvamizi, na ndani ya orodha hiyo zilikuwamo Uganda, Rwanda, Ethiopia na Eritrea. Basi asituambie mtu kwamba mambo yale yalikuwa ya mbali na hayatuhusu.

Je, Wamarekani wote walivitaka? Hesabu zipo na zinasomeka. Oktoba 2002 Bunge lao lilipopiga kura ya kumruhusu Rais George W. Bush kutumia nguvu, wabunge 133 wa Baraza la Wawakilishi walisema hapana dhidi ya 296, na maseneta 23 walisema hapana dhidi ya 77. Miongoni mwa hao 23 alikuwamo Seneta Robert Byrd wa West Virginia, mzee wa miaka 84, aliyesimama ukumbini siku baada ya siku akiwaonya wenzake kwamba wanatoa mamlaka ambayo si yao kuyatoa. Uingereza nako, Robin Cook, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje, alijiuzulu uwaziri tarehe 17 Machi 2003, na kesho yake wabunge 149 wakapiga kura ya kukataa. Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Februari, watu walijaa barabarani London, Rome, Madrid, New York na miji mingine mingi kupinga vita ambavyo vilikuwa havijaanza. Walikuwamo Wakristo, Mayahudi, watu wasio na dini, na Waislamu wa huko. Tukiwafundisha watoto wetu kwamba "wao" wote ni kitu kimoja, tumewafundisha uongo, na uongo hauwi halali kwa sababu umesemwa juu ya adui.

Sasa tuje kwenye nyongeza yenyewe. Mwaka 2006 ndio mwaka ambao Iraq ilipasuka. Tarehe 22 Februari 2006 liliripuliwa kuba la dhahabu la msikiti wa Maimamu wawili, al-Askari, mjini Samarra, na kuanzia hapo Wasunni na Washia wakachinjana mtaa kwa mtaa. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 34,000 waliouawa mwaka ule mmoja. Watu waliuawa kwa kuangaliwa kitambulisho tu, kwamba jina lako ni Umar au ni Ali. Hapa tuseme kweli ingawa inauma: Marekani ndiyo iliyovunja nyumba na kuacha milango wazi, lakini wengi wa waliokuwa wakiuana ndani ya nyumba ile walikuwa wakielekea kibla kimoja. Nimesikia mawaidha mengi juu ya kosa la kwanza. Juu ya la pili nimesikia machache.

Wapiga kura wa Marekani walikuwa wamechoka. Tarehe 7 Novemba 2006 walikinyang'anya chama cha Rais mabaraza yote mawili ya Bunge. Kesho yake Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld akaachia ngazi. Tarehe 6 Desemba tume ya watu wazito wa vyama vyote viwili, ikiongozwa na James Baker na Lee Hamilton, ilitoa ripoti yenye mapendekezo 79, na kiini chake kilikuwa kwamba vikosi vya mapigano vianze kuondoka, viwe vimetoka kufikia mwanzoni mwa 2008, na kwamba Marekani izungumze na majirani wa Iraq, pamoja na Iran na Syria. Kabla ya hapo, Novemba, Jenerali John Abizaid, mkuu wa majeshi yao katika eneo lote lile, aliiambia kamati ya Seneti kwamba amewauliza makamanda wake wa divisheni mmoja mmoja kama wanajeshi zaidi wangesaidia, na wote walimjibu hapana. Hoja yao ilikuwa na busara: kadiri mgeni anavyobeba mzigo, ndivyo mwenye nyumba anavyozidi kuuacha.

Kwa hiyo wananchi walisema tokeni, tume ikasema tokeni taratibu, majenerali wakasema msiongeze. Tarehe 10 Januari 2007 Rais akatokea kwenye televisheni akatangaza kwamba anaongeza. Brigedi tano kwenda Baghdad, na wanamaji 4,000 kwenda mkoa wa Anbar. Jumla kama wanajeshi 21,500, ambao walipohesabiwa pamoja na wasaidizi wao walifika karibu 30,000. Katika hotuba hiyohiyo alikubali kwamba makosa yaliyofanyika ni juu yake yeye. Kamanda wao wa Iraq, Jenerali George Casey, akabadilishwa, akawekwa Jenerali David Petraeus.

Ndugu msomaji, mjadala uliofuata ndio ninaotaka tuutazame kwa makini, kwa sababu una mafunzo kuliko vita vyenyewe. Usidhani ulikuwa mjadala wa watu wabaya na watu wema. Seneta Chuck Hagel alikuwa wa chama kilekile cha Rais, naye alipigana Vietnam akajeruhiwa mara mbili. Alisimama akasema kwamba mpango huu ni kosa la hatari kuliko yote ya sera ya nje tangu Vietnam. Seneta Jim Webb wa upande wa pili, naye mpiganaji wa Vietnam, alipinga huku mwanawe akiwa mwanajeshi wa Iraq. Wakati wa kampeni alikuwa akivaa viatu vya kijeshi vya kijana huyo. Na Seneta John McCain, aliyetaka wanajeshi waongezwe na alikuwa akisema hivyo kwa miaka, naye alikuwa na mtoto wa kiume aliyepelekwa Iraq mwaka huohuo. Mtu anayesema tumeni watoto wa watu, na wake yumo ndani, huwezi kumwita mnafiki kwa wepesi. Waweza kusema amekosea.

Tarehe 16 Februari 2007 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 246 kwa 182 kwamba halikubaliani na nyongeza, na wabunge 17 wa chama cha Rais waliungana na wapinzani. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, Seneti ikakutana, ikapata kura 56 kwa 34. Msomaji atasema, basi wameshinda! La. Kwa kanuni za Seneti, ili mjadala ufungwe na jambo lipigiwe kura ya mwisho, zilitakiwa kura 60. Kwa hiyo 56 walishindwa na 34. Na hata kama wangepita, azimio lile halikuwa na nguvu ya kisheria. Lilikuwa ni maneno ya kusema hatupendi. Wakati linajadiliwa, brigedi ya kwanza ilikuwa imekwishafika Baghdad.

Wakajaribu njia ya fedha. Katiba yao inampa Rais amri ya jeshi, lakini mfuko wa fedha uko mikononi mwa Bunge. Wakapitisha bajeti ya dola kama bilioni 124 iliyokuwa na sharti ndani yake: wanajeshi waanze kuondoka kwa tarehe zilizotajwa. Rais akaikataa kwa kura ya veto tarehe 1 Mei 2007. Tarehe hiyo ilikuwa miaka minne kamili tangu aliposimama juu ya manowari, nyuma yake bango la kutangaza kwamba kazi imekwisha. Kuipindua veto kunahitaji theluthi mbili. Wakapata 222 kwa 203, hazikutosha. Na mwisho wa mwezi huohuo wa Mei, Bunge lilelile lililosema halikubali likatoa fedha bila tarehe yoyote ya kuondoka: 280 kwa 142 katika Baraza, 80 kwa 14 katika Seneti. Kati ya wale 14 walikuwamo Barack Obama na Hillary Clinton, ambao wote wawili walikuwa wakiutafuta urais.

Tuna watu wa namna hii kwetu. Mzee wa ukoo anasema harusi hii mimi siitaki, bwana harusi huyu hafai, nimeshasema na ninyi mmenisikia. Kisha anatoa mchango wa mchele na mafuta, anakodi na gari la kumchukua bibi harusi. Ukimuuliza, anasema nilikuwa naogopa watoto wa watu wasilale njaa siku ya shughuli. Ndivyo walivyosema wale wabunge: tusipotoa fedha tutaambiwa tumewatelekeza vijana wetu uwanjani. Nami nakiri hofu hiyo si ya kipuuzi. Mwanajeshi hakuchagua vita, na anayemnyima chakula na risasi hamwadhibu Rais. Lakini matokeo yake ni kwamba vita vikishaanza, wale waliotumwa hugeuka kuwa sababu ya kutuma wengine, na hapo swali la awali, tumeendea nini, halipati tena mahali pa kukaa.

Hicho ndicho kisa changu na mjadala ule. Miezi mitano mizima waliulizana: 21,500 wanatosha? Brigedi tano au mbili? Waondoke Machi au Agosti? Ni hesabu. Na mwenye kushinda mjadala wa hesabu siku zote ni yule mwenye vyeo begani, kwa sababu yeye ndiye anayeambiwa anajua. Swali la sababu, yaani Iraq ikitulia itakuwa imetulia kwa ajili ya nani, na kwa haki gani mgeni anaamua mtaa upi ujengewe ukuta, lilibaki kwa watu wachache walioonekana hawana adabu.

Je, nyongeza ilifanya kazi? Hapa kijana wangu wa pili anahitaji jibu la uadilifu, na uadilifu maana yake ni kukubali lisilokupendeza. Mauaji yalipungua. Majira ya joto ya 2007 yalikuwa mabaya sana, Aprili, Mei na Juni kila mwezi Wamarekani zaidi ya 100 waliuawa, na mwaka ule kwa jumla waliuawa zaidi ya 900, idadi kubwa kuliko mwaka mwingine wowote wa vita vile. Lakini kuanzia mwisho wa 2007 na katika 2008 maiti zilipungua mno, za Wairaqi na za Wamarekani. Mama wa Baghdad aliyeweza tena kwenda sokoni akarudi hai, kwake yeye si jambo dogo. Anayekataa hili anakataa tu kwa sababu hapendi nani alilifanya.

Lakini ulizeni, lilifanywa na nini? Wanajeshi waliacha kujifungia kwenye kambi kubwa, wakaenda kukaa mitaani. Hilo lilisaidia. Lakini masheikh wa makabila ya Anbar walikuwa wamekwishaasi dhidi ya al-Qaeda tangu Septemba 2006, kabla hotuba ya nyongeza haijaandikwa, wakiongozwa na kijana aitwaye Abdul Sattar Abu Risha, ambaye aliuawa kwa bomu tarehe 13 Septemba 2007, siku kumi baada ya kukutana na Rais Bush. Watu wao, kama 100,000 kwa ujumla baada ya mpango kuenea, waliwekwa kwenye orodha ya mishahara ya Marekani kwa dola kama 300 kwa mwezi. Wengi wao ndio waliokuwa wakiwapiga Wamarekani hao mwaka uliotangulia. Halafu Muqtada al-Sadr akaliamuru jeshi lake lisitishe mapigano mwisho wa Agosti 2007. Halafu Baghdad yenyewe ilikuwa imekwishachujwa: mtaa wa mchanganyiko ukawa wa Washia watupu au Wasunni watupu, kukajengwa kuta za zege katikati. Mauaji hupungua pia pale ambapo waliokuwa wauawe wamekwishakimbia. Wairaqi zaidi ya milioni 4 walikuwa wamehama makwao, nusu yao wakiwa nje ya nchi, Syria na Jordan hasa. Nyongeza imo ndani ya chungu hiki, lakini haikukipika peke yake.

Tena lengo lililotangazwa halikuwa kupunguza mauaji tu. Rais alisema wanajeshi wale watawapa wanasiasa wa Iraq nafasi ya kupatana: sheria ya mafuta, uchaguzi wa mikoa, kuwarudisha kazini waliofukuzwa kwa sababu walikuwa chama cha Baath. Yaliwekwa malengo 18. Septemba 2007 ofisi ya ukaguzi ya Bunge lao ikasema yametimia 3, mengine 4 yametimia nusu, na 11 hayajatimia. Wiki iliyofuata Jenerali Petraeus na Balozi Ryan Crocker wakafika Bungeni kutoa ripoti, na tarehe 11 Septemba Seneta John Warner, mzee wa chama cha Rais, akamuuliza Jenerali swali fupi: je, haya yanaifanya Marekani iwe salama zaidi? Jenerali akajibu kwamba hilo, kwa kweli, halijui. Namheshimu kwa jibu lile. Lakini fikirini: miaka minne na nusu ya vita, na swali la kwanza kabisa, ambalo lingepaswa kuulizwa kabla ya ndege ya kwanza kuruka, linaulizwa hapo, na jibu halipo. (Magazeti siku zile yalishughulika zaidi na tangazo moja lililocheza na jina la Jenerali kwa kejeli. Seneti ilipata kura 72 za kulilaani tangazo. Kwa tangazo walizipata.)

Yaliyofuata mnayajua. Wale wapiganaji wa Anbar waliahidiwa ajira serikalini, na serikali ya Nouri al-Maliki ikaburuta miguu. Wanajeshi wa mwisho wa Marekani walitoka tarehe 18 Desemba 2011, kwa tarehe iliyokubaliwa na Rais Bush mwenyewe mwaka 2008. Tarehe 10 Juni 2014 mji wa Mosul ukaanguka mikononi mwa kundi lililojiita dola ya Kiislamu, na Agosti mwaka huo ndege za Marekani zikarudi kupiga mabomu. Wapo wanaosema wangebaki yasingetokea. Huenda. Lakini hoja hiyo haina mwisho, maana kila mwaka utakuwa na sababu ya kubaki mwaka mwingine.

Sasa niwageukie wazazi wa huku kwetu, kwa sababu kuna nyongeza nyingine ambayo haikupigiwa kura na mtu yeyote. Wakati Bunge la Marekani linabishana juu ya wanajeshi 21,500, Iraq ilikuwa imejaa wafanyakazi wa makampuni. Ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilikadiria kwamba mwanzoni mwa 2008 walikuwa wasiopungua 190,000 katika Iraq na nchi za jirani zilizotumika kwa vita hivyo. Idadi hiyo ilikuwa karibu sawa na ya wanajeshi wenyewe. Kati yao walikuwamo maelfu ya vijana kutoka Uganda, wakilinda mageti ya kambi. Mwanzoni mshahara ulikuwa kama dola 1,000 kwa mwezi, na kwa mwalimu au polisi wa Uganda hiyo ilikuwa ndoto. Kisha makampuni yakashindana, mshahara ukawa unashuka mwaka hadi mwaka. Zimejengwa nyumba kwa fedha zile, watoto wamesomeshwa, na wapo waliorudi na majeraha. Hata sasa naulizwa na familia kama fedha ile ilikuwa halali. Suala la fat-wa nawaachia mashekhe. La kidunia ni hili: sheria ya Marekani ya tangu mwaka 1941 inampa fidia mfanyakazi wa kampuni kama hiyo akiumia, awe raia wa nchi gani, na akifa inawapa mjane na mayatima wake. Wengi hawakuambiwa. Aliyeumia kule hakuhesabiwa katika idadi ya Washington, na huku hakupigiwa mizinga. Mjadala ungekuwa wa kweli kama angetajwa.

Na wiki ileile! Tarehe 13 Februari 2007, siku tatu kabla ya kura ya Washington, Bunge la Uganda liliidhinisha kupeleka wanajeshi Somalia. Wa kwanza walishuka Mogadishu tarehe 6 Machi. Burundi wakafuata Desemba, Kenya wakaingia 2011. Kikosi kile cha AMISOM kilichoanza na watu wasiofika 2,000 kilipanda hadi kupewa idhini ya zaidi ya 22,000 mwaka 2013. Kimebadilishwa jina mara mbili tangu hapo, mwaka 2022 na Januari 2025. Sisemi kwamba Somalia ni Iraq. Kule kuna serikali inayoomba msaada na kuna watu wanaoripua masoko, na Kampala tumezika watu 76 wa Julai 2010. Lakini kila idadi ilipopanda, ni wabunge wangapi wa nchi zetu waliosimama kuuliza lile swali la Seneta Warner? Nalisema hili kwa wanafunzi wanaosoma siasa na sheria. Kumbukumbu za vikao vya Bunge zipo, zisomeni.

Huenda mtu akadhani kwamba aliyeona ubaya wa nyongeza ya kwanza hawezi kuifanya ya pili. Obama, aliyekuwa miongoni mwa wale 14, aliingia Ikulu Januari 2009. Mwezi uliofuata akaidhinisha wanajeshi 17,000 kwenda Afghanistan. Tarehe 1 Desemba 2009, katika chuo cha kijeshi cha West Point, akatangaza 30,000 wengine. Balozi wake mwenyewe mjini Kabul, Karl Eikenberry, ambaye kabla ya ubalozi alikuwa jenerali aliyeongoza vita hukohuko, aliandika kutahadharisha kwamba serikali ya Kabul si mshirika wa kutegemewa. Makamu wake, Joe Biden, alipinga nyongeza kubwa. Hoja zilizotumika kuwashinda zilikuwa zilezile za 2007, tena zikipambwa kwa mfano wa Baghdad: ilifanya kazi kule, itafanya na huku. Idadi ikafika karibu 100,000. Tarehe 15 Agosti 2021 Kabul ikachukuliwa na Taliban bila kupiganiwa. Ndiyo maana nimesema kasoro ya kijana wa pili ni kubwa kuliko ya wa kwanza. Kusema "ilifanya kazi" bila kuuliza kazi gani kuliwapeleka vijana 30,000 kwenye vita vingine.

Kipo kisa kimoja cha zamani ambacho huwasimulia wanafunzi, kwa sababu ndani yake mtu aliuliza akiwa ofisini, si baada ya kustaafu na kuandika kitabu. Mwanzoni mwa 1968 Marekani ilikuwa na nusu milioni ya wanajeshi Vietnam, na majenerali wakaomba 206,000 zaidi. Rais Lyndon Johnson alimteua Clark Clifford kuwa Waziri wa Ulinzi, akaapishwa tarehe 1 Machi, na watu walimchagulia kazi hiyo wakijua ni muunga mkono wa vita. Clifford akakaa na majenerali siku kadhaa, akawauliza kama wakili anavyomhoji shahidi. Hao 206,000 watatosha? Hawakuweza kusema. Kama hawatatosha, wanahitajika wangapi? Hawakujua. Itachukua muda gani? Hawakujua. Mpango wa kushinda ni upi? Wakamjibu kwamba adui atachoka. Je, kuna dalili kwamba anachoka? Hapakuwa nayo.

Akatoka humo akiwa mtu mwingine, na akamwambia Rais wake. Tarehe 31 Machi 1968 Johnson alitangaza kupunguza mabomu Vietnam ya Kaskazini, na mwisho wa hotuba akasema hatagombea tena urais. Vita viliendelea, mkataba wa Paris haukutiwa saini hadi Januari 1973, na maelfu ya Wamarekani na Wavietnam wengi zaidi wakafa katikati hapo. Lakini wale 206,000 hawakupelekwa.